Gari la buti refu kwa safari za Dar hadi Njombe: niliyojifunza wakati wa kununua

Dar es Salaam hadi Njombe ni zaidi ya kilomita 700. Unapita Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi, unapanda mlima Kitonga, unaiacha Iringa mjini juu na kupita Ipogolo, halafu Mafinga, na Makambako unakata kushoto. Wazazi wangu wako Njombe. Mimi na mume wangu na watoto tuko Dar. Basi lilitutosha mpaka mama alipoanza kuja kliniki Dar mara kwa mara, na magoti yake yakawa hayavumilii tena kukunjwa kutwa nzima. Hapo tukaanza kutafuta gari la petroli, la bei ambayo tusingelazimika kukopa, lenye siti ya nyuma ya kumfaa mtu mzima na buti la kubebea viazi, parachichi na mahindi wakati wa kurudi.

Ushauri mwingi niliopewa ulihusu gari la mjini. Watu walinieleza habari za rimu, redio, rangi, na gari gani litauzika haraka siku nikitaka kulitoa. Safari ya kutwa nzima ina mambo yake, na mengi ya hayo huyaoni gari likiwa limesimama limeoshwa. Ndiyo maana nimeandika.

Wengi walitaka tununue gari la juu, kwa hoja kwamba safari ndefu inataka gari kubwa. Lakini barabara yetu ni lami tangu mlangoni mwa Dar hadi Njombe mjini. Gari la chini lenye buti refu hukaa vizuri barabarani, haliyumbi sana lori la makontena likikupita kwa kasi, na halinywi mafuta kama gari la tani mbili. Tena mzigo wote unaingia ndani, hakuna haja ya keria. Keria ikijaa mabegi inapandisha uzito juu na kukamata upepo, na kwenye kona za Kitonga dereva anausikia uzito huo mikononi. Dizeli tuliiacha mapema. Kwa fedha tuliyokuwa nayo, dizeli tungeipata kwenye gari kuukuu tu, na pampu au nozeli zake zikianza kusumbua, bei ya matengenezo inakaribia kununua injini nyingine ya Toyota Fielder.

Kuagiza Japani tulikupigia hesabu na kukuacha. Tanzania haizuii gari kwa umri kama Kenya, ambako lililozidi miaka minane haliingii, lakini gari likishafika umri huo huku kwetu linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na likivuka miaka kumi ushuru huo unapanda tena. Magari tuliyoyamudu yote yalikuwa yameshavuka hapo. Ushuru ungekula fedha ambayo ni bora iende kwenye matairi na breki. Tukaamua kutafuta gari la mtu, lililokwisha kutumika hapa hapa, lenye namba ya usajili ya mfululizo wa C au D.

Orodha yetu haikuwa ndefu. Nissan Wingroad ya zamani, ile ya umbo la Y11, ilikuwa na bei nzuri kuliko zote, na buti lake ni pana. Kilichotukatisha tamaa ni sensa za injini zake za QG, ambazo zikichoka gari linazima lenyewe likiwa mwendo. Mjini unasukuma pembeni na kumpigia fundi. Kwenye mteremko wenye malori nyuma yako ni habari nyingine. Toyota Caldina ina siti nzuri sana, ila zenye injini ya lita 2 ya D-4 nilizikwepa, kwa sababu mfumo wake wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda unataka mafuta safi na fundi anayeujua. Mark II Blit ni tamu barabarani na silinda zake sita, lakini inataka petroli ya kulingana na hizo sita. Subaru Legacy naipenda hadi leo. Inashika kona vizuri, na ukiovateki huna wasiwasi. Hata hivyo mkanda wake wa injini lazima ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mwenye gari la namba C mara nyingi hajui uliwekwa lini. Mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

Zikabaki Toyota za injini ya 1NZ: Fielder, Probox na Succeed. Injini hiyo ni ya cc 1496, ina nguvu za farasi wapatao 110 ikiwa mpya, na inatumia cheni badala ya mkanda. Vipuri vyake vipo Kariakoo, vipo Morogoro, vipo Makambako. Kwangu hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko nguvu za injini. Gari likikukwama Mafinga jioni na mama yuko ndani, unataka fundi ambaye injini yako ameifungua mara nyingi kiasi cha kuifungua usiku.

Probox na Succeed wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja, na wengi hawajui kwamba kila moja ilitoka kwa namna mbili: vani na wagoni. Tofauti yake unaikalia. Japani, gari la kusajiliwa kuwa la mizigo lazima eneo la mzigo lizidi eneo la siti za abiria, hivyo siti ya nyuma ya vani wameifanya nyembamba, imesimama wima, na imesogezwa mbele ili sakafu ya mzigo iwe ndefu. Kwa kupeleka bidhaa ni kazi safi, na Kenya Probox zinabeba kila kitu hadi vijiji vya ndani. Kwa mama mwenye magoti, hapana. Wagoni ina siti nene iliyolala kidogo. Usimuulize dalali, angalia kibati cha chesisi: herufi V mwishoni, kama NCP51V, ni vani, NCP58G ni wagoni. Nilikaa siti ya nyuma ya vani pale yadi kwa muda wa kunywa chai, nikashuka nimeshajibiwa.

Succeed wagoni zilizo safi ni chache, na wenye nazo wanajua. Kwa hiyo tukaelekea kwenye Fielder, umbo la NZE121, lililotoka kati ya 2000 na 2006. Hii ina gia otomatiki nne za kawaida. Iliyofuata, NZE141, ni nzuri zaidi kwa macho na kimya zaidi ndani, ila otomatiki yake ya cc 1500 ni CVT, yaani isiyo na gia za hatua. Sina ugomvi na CVT iliyotunzwa. Shida ni kwamba inataka oili yake maalumu, na gari lililopita mikononi mwa watu watatu huwezi kujua kama kuna aliyeijaza oili ya gia ya kawaida. Ukiwa na ile umejaza watu na mizigo, unapanda Kitonga nyuma ya lori linalokwenda mwendo wa mtu, unasimama, unaondoka, gia boksi inapata joto sana. Nilijaribu moja ambayo kila ikiondoka ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na muuzaji akaniambia ni mauntingi tu, ile mipira inayoshikilia injini. Inawezekana. Sikutaka kulipia uchunguzi huo.

Kilomita za dashibodi sizisomi tena. Yadi moja mjini ilituonyesha Fielder ya fedha, safi, dashibodi inasoma kilomita 96,000. Kijana wa pale alikuwa mchangamfu.

"Dada, hili ni kuweka mafuta na kuondoka. Mwenyewe alikuwa analitumia Jumapili tu."

Nikafungua mlango wa dereva na kuinama kwenye nguzo. Gereji za Japani zikimwaga oili hubandika stika ndogo pale, au chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita, na magari mengi yanafika Afrika stika zikiwa hazijabanduliwa. Maandishi sikuyaelewa ila tarakimu zinasomeka. Mwaka ulikuwa umeandikwa 25. Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, na kwa enzi ile unajumlisha 1988: yaani 2013. Kilomita kwenye stika ziliandikwa 118,000 na ushee. Gari lilikuwa limetoka Japani na kilomita nyingi kuliko ilizokuwa nazo baada ya kutembea Dar miaka yote hiyo. Nilimwonyesha yule kijana, akatazama, akasema gari linaweza kupungua bei. Tukashukuru, tukaondoka. Kilomita 200,000 za kweli hazinitishi. Hiyo injini inazifikia na kuzipita ikimwagwa oili kwa wakati. Ila anayerudisha kilomita nyuma ameficha na mengine.

Kuhusu kuchemsha, hapa ningeomba msomaji akae nami kidogo, maana magari mengi yanayoachwa pembeni mwa Kitonga yanaachwa kwa sababu hiyo. Kwenye injini ya Toyota kuna thamostati, kidude kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto. Mafundi wengi wa Dar, gari likichemsha, wanakichomoa. Gari halichemshi tena mjini na kila mtu anafurahi. Lakini ugonjwa wenyewe haujatibiwa, labda rejeta imeziba au feni imechoka, na injini sasa inatembea baridi muda wote, inakula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Ukipanda mlima na mzigo, ule ugonjwa uliofichwa unarudi. Halafu kuna la Njombe lenyewe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi kali na ukungu. Gari lisilo na thamostati hita yake haitoi joto la maana, na kioo cha mbele kinajaa ukungu ndani wakati nje nako huoni. Mtu wa Dar anaweza kukaa na gari miaka mitano asiguse hita.

Kwa hiyo kila gari nililolijaribu niliwasha hita hadi mwisho. Lililotufaa lilikuwa Fielder ya mzee mmoja mstaafu, Morogoro. Tuliendesha kuelekea Mikumi, jua la saa saba, na tulipofika kilomita kama 30 nikazungusha kitufe upande wa wekundu.

"Mwanangu, hita ya nini na jua hili?"

"Samahani mzee, nataka nione kama thamostati ipo."

Akacheka, akafungua kioo chake. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kweli kweli, na mshale wa joto ulikuwa umetulia chini kidogo ya katikati. Akaniambia fundi mmoja aliwahi kutaka kuichomoa, akamkatalia, akabadilisha rejeta. Tuliporudi tukaliacha lipoe kabisa ndipo tukafungua kifuniko cha rejeta. Kulanti ilikuwa nyekundu, haina kutu, haina mafuta juu yake. Ukiona maji ya kahawia, au utando kama wa maziwa, funga kifuniko na uage. Angalia pia ile plastiki ya juu ya rejeta: ikishageuka kahawia iko karibu kupasuka, na hiyo ni bei ya kupunguziwa.

Majaribio yenyewe yasiwe ya kuzunguka mtaa. Omba saa nzima barabara kuu, AC imewashwa, na watu wawili nyuma. Kasi ya 80 hadi 90 ndiyo inayosema: beringi iliyoisha inaunguruma kwa sauti nzito inayobadilika ukikata kona, usukani ukitetemeka ni balansi au tairi lililovimba, au rimu iliyopinda. Shokapu zilizokufa utazijua kwenye matuta ya vijiji, gari likiendelea kudunda baada ya tuta kupita. Kwenye mteremko achia mafuta gari lijishushe kwa gia, halafu kanyaga. Mwenzako nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili. Fielder za kwanza zenye injini ya cc 1800, 1ZZ, zina sifa hiyo ya kula oili, ndiyo maana nilibaki kwenye 1500 hata watu waliponiambia itakosa nguvu.

Nguvu kweli inapungua, na ni vizuri kulijua kabla. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kuanzia Iringa kwenda juu, Fielder iliyojaa haiovateki malori mawili yaliyofuatana. Inaovateki moja, penye nafasi ndefu, gia ikiwa imeshushwa kabla hujatoka. Kwa dereva anayekubali hivyo 1500 inatosha. Anayetaka kufika saa nane mchana atafute gari lingine, na ningemwombea.

Breki ndizo nilizozipa muda mrefu kuliko vitu vyote. Kushuka Kitonga wakati wa kurudi, na mzigo, ni kilomita za kona na malori yanayonuka breki. Gari liwe na gia za kujizuia zinazofanya kazi: kwenye NZE121 unabonyeza kitufe cha O/D, kinachozima gia ya nne, kisha unashusha hadi 2, na injini inapaswa kuvuta gari nyuma mara moja. Isipovuta, gia boksi ina tatizo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye maji yakipata joto yanachemka, pedali inazama. Kwa hiyo tulikanyaga breki kutoka 80 hadi 20, tukarudia mara kadhaa mfululizo barabara ikiwa tupu, mume wangu akasikiliza pedali. Ilibaki ngumu. Hata hivyo, gari lilipofika mkononi mwetu, mafuta yale tuliyamwaga na kuweka mapya.

Matairi ya mzee yalikuwa na kashata nzuri, yaani meno yake hayajaisha, lakini yalikuwa yamezeeka. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne, wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unakauka hata usipotumika, na nyufa ndogo pembeni zinaonekana ukiukunja kwa kidole gumba. Tulikubaliana bei ipungue kwa thamani ya matairi manne mapya. Hatukununua ya mtumba. Kwa lami ya Chalinze saa nane mchana, na watu watano ndani, sitaki tairi ambalo sijui lilikotoka.

Ya karatasi nayapita haraka kwa kuwa yanajulikana: namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, deni la trafiki liangaliwe kwenye mfumo wa polisi kabla fedha haijatoka, mkataba usainiwe mbele ya mwanasheria. Mzee alikuwa na daftari la shule lenye kila oili aliyomwaga, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu. Daftari hilo lilinishawishi kuliko rangi, ambayo ilikuwa imepauka paani.

Kwenye bajeti tulitenga tangu mwanzo sehemu ya fedha ya kutumia wiki ya kwanza, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo hata ikibidi kununua gari la bei ya chini zaidi. Ilienda kwenye matairi, oili ya injini na ya gia, kulanti mpya, plagi, fani belti, mipira ya rejeta, bushi za mbele na balbu. Taa za mbele zilikuwa na ukungu wa njano. Fundi alizisugua zikang'aa. Hatusafiri usiku kwa hiari, lakini jioni ya Mafinga huingia haraka, na lori lililoharibika kwenye kona unaweza kutangaziwa na matawi tu yaliyotupwa barabarani.

Safari ya kwanza tulikwenda Morogoro na kurudi, tukiwa na watoto na mabegi, kabla ya kumchukua mama. Rejeta haikupungua maji. Oili haikushuka kwenye kijiti. Bushi moja ya nyuma ilianza kugonga, ikabadilishwa. Ndipo tukaenda Njombe. Kwa mwendo wa 80 hadi 90, na hamsini za vijijini ambako tochi za trafiki hazilali, gari linatupa kati ya kilomita 13 na 16 kwa lita kulingana na mzigo na mlima. Tangi ni la lita 50, kwa hiyo tunajaza Dar na kuongeza Iringa, ili tusifike Makambako tukitazama mshale. Mama anakaa nyuma ya abiria wa mbele, siti ya mbele ikisogezwa, mguu mmoja ameunyoosha, na tunasimama Mikumi na Ilula ashuke atembee. Viazi vinakaa chini, vimebanwa dhidi ya mgongo wa siti ya nyuma, na wavu umefungwa juu yake. Upepo wa matairi tunaujaza kama kibati cha mlango wa dereva kinavyosema. Kinachosubiri mshahara sasa ni shokapu za nyuma, ambazo tutazifunga zote mbili kwa pamoja kabla ya mvua za masika.